Roselyne na Kernel Isiyo na Bonge

Kama hujawahi kumsikia Roselyne Nakhungu akibishana, basi wewe hujakaa Kibomet, hapo Kitale. Sauti yake ilikuwa inavuka barabara, inapita kwa fundi wa baiskeli, inaingia mpaka kwa kinyozi, na watu wa huko wanapunguza redio ndio wasikie vizuri. Na hakuwa anabishana juu ya siasa, wala mpira, wala bwana ya mtu. Alikuwa anabishana juu ya kernel.

Ngoja, usikimbie. Kernel si kitu ngumu, bana. Ukiwasha kompyuta, kuna programu moja iko chini ya zingine zote, inaamka kabla ya wote. Hiyo ndiyo inaongea na vyuma. Ukifinya kibodi, yeye ndiye anasikia. Diski ikizunguka, yeye ndiye ameituma. Mambo ya muziki na picha na barua pepe, hizo ni programu za juu, zinapiga domo tu, lakini zikitaka kitu kwa mashine lazima zipitie kwake. Wewe humuoni. Lakini yeye akilala, nyumba nzima imelala.

Sasa hapo 2009, kulikuwa na kikundi cha watu wa Kitale na Bungoma walikuwa wanatengeneza mfumo wao wa kompyuta, kila kitu ndani ya CD moja. Waliuita Suam, kama ule mto. Aliyeuanzisha ni Noah Kipketer, mwalimu wa kompyuta kwa chuo kimoja cha Kitale, mrefu, mpole, mtu wa kuvaa sweta hata kukiwa na jua. Kagwe, ambaye alikuwa anauza simu mjini, alishika mambo ya rangi na picha. Na Roselyne akashika kernel, kwa sababu wote waliiangalia wakaikimbia.

Ahadi ya Suam ilikuwa moja tu: hakuna kitu ndani imefungwa. Si ati ya bure, hapana, bure hata dawa ya miti shamba sokoni wanakuonjesha. Huru. Unaweza kuifungua, usome venye imeandikwa, ubadilishe, umpe jirani, na hakuna mtu atakuja kukugongea mlango.

Lakini kernel yenyewe, ile ya Linux, inatoka ng'ambo, inaandikwa na watu wengi sana, na karibu yote iko wazi. Karibu. Ndani yake kuna vitu Roselyne alikuwa anaita mabonge. Bonge ni hivi: kampuni inatengeneza kadi ya WiFi, inaandika programu ya kuiendesha, halafu ile maandishi inaficha. Inakupatia tu safu za nambari, safu na safu na safu, kurasa nzima ya nambari, inakuambia weka hapo, usiulize. Inafanya nini? Usiulize. Ikiharibika? Usiulize. Ni kama mtu amekuletea mboga kwa sufuria yenye kufuli, ati kula.

Kazi ya Roselyne ilikuwa kutafuta mabonge na kuyatoa. Alikuwa na skripti aliandika mwenyewe, ile programu ndogo ya kutumwa, inapita ndani ya kernel yote ikinusa nambari zilizojipanga vibaya. Ikipata, inakata. Halafu yeye anapitia kwa macho kile imekata, halafu anapika. Ndio, walikuwa wanaita kupika, kwa sababu kernel ukishaikata lazima uigeuze iwe kitu mashine inaweza kula, na hiyo inachukua masaa, kompyuta inapata joto mpaka paka ya jirani inakuja kulala nyuma yake. Na mwaka huo stima ilikuwa ya mgao. Unapika, unapika, imebaki kidogo iive, tap! Giza. Unaanza upya. Na ukimaliza, watu wa ng'ambo wanatoa kernel mpya, na mabonge mapya, unaanza tena. Ni kama kupalilia. Hakuna siku utasema shamba limepaliliwa milele.

Watu walimwambia, Rose, si uachane na hiyo kitu? Anajibu, "Si wewe uachane na kuniambia?"

Siku Kipketer alikuja na habari, Roselyne alikuwa ameinama chini ya meza ya duka lake la kutengeneza kompyuta, tochi kwa mdomo, anatafuta skrubu.

"Rose, habari ya kazi?"

"Kazi iko," akasema kupitia kwa tochi. Akatoka, akamwangalia. "Umekuja na sura ya mtu anataka kitu."

"Tumepata Bungoma."

"Bungoma yote?"

"Chuo cha ufundi, bana! Principal Barasa anataka Suam kwa maabara nzima. Kila mashine. Wanafunzi wote."

Roselyne alipiga kelele, kinyozi akakata mtu vibaya. Akamshika Kipketer mabega akamtikisa kama mti wa mapera. Tangu Suam ianze walikuwa wanapeana CD moja moja, kwa rafiki, kwa shemeji, kwa mtu wa kanisa. Maabara nzima haijawahi tokea.

Halafu akamwachilia. Akarudi nyuma kidogo.

"Na lakini iko wapi?"

"Lakini gani?"

"Mwalimu, mimi nakujua. Kuna lakini umeficha kwa sweta."

Kipketer akakuna kichwa. Ikawa hivi: Barasa alikuwa amenunua kadi za WiFi za mashine zote, mpya, na hizo kadi bila bonge haziamki. Zinakaa tu hapo kama kifungo cha shati.

"Ni kabonge kamoja," Kipketer akasema. "Kadogo. Hata hakaonekani."

"Kwani bonge ni mpaka lionekane?"

"Rose, nisikize. Huru gani hii inafungia watoto nje ya mtandao? Unawapatia CD, unawaambia ati sasa mko huru, na hawawezi kufungua barua pepe. Hiyo si ni huru ya mtu yuko ndani ya seli na amepewa funguo ya nyumba yake?"

Wacha tuseme ukweli, hiyo ilimchoma. Kipketer hakuwa mtu mbaya, na alikuwa anajua kuongea polepole, na mtu anayeongea polepole anaumiza kuliko anayepiga kelele. Roselyne akazungusha skrubu kwa vidole.

"Apeleke waya," akasema. "Mtandao wa waya hauhitaji bonge."

"Waya! Mwaka huu! Watatucheka mpaka Malaba."

"Ama abadilishe kadi. Ziko zingine zinafanya kazi wazi."

"Ameshanunua. Rose, ni moja tu."

"Moja tu," Roselyne akasema, na sasa sauti ikaanza kupanda, na redio ya kinyozi ikaanza kushuka. "Unajua Mayi, mama yangu, alifanya kazi gani? Mashamba ya mbegu, hapa hapa Kitale. Yale mahindi ya mbegu, wanapanda mistari ya kike na mistari ya kiume. Mistari ya kike lazima utoe yale maua ya juu, yote, kabla yatoe vumbi, lile la kuzalisha. Wanawake wanaingia asubuhi na umande, wanavuta, wanavuta, vidole vinapasuka. Mtu akiacha ua lisimame, ati ni moja tu, mkaguzi akija anakataa shamba lote. Lote! Inauzwa kama mahindi ya kusaga. Kwa hivyo usiniletee moja tu kwa hii duka."

Kipketer akatabasamu, ile tabasamu ya mtu amepata mlango uko wazi.

"Na hiyo mbegu, mama yako alijua wazazi wake? Kampuni iliwahi mwambia mstari wa kike ni mahindi gani na wa kiume ni gani? Alivuta maua miaka yote na hakuruhusiwa hata kujua jina. Hiyo ndiyo bonge kubwa kuliko zote, Rose, na wewe umekua ukila ugali yake."

Fundi wa baiskeli mwenyewe aliacha kugonga. Roselyne amefungwa goli!

Akaweka skrubu mezani. Halafu akasema, bila kelele, "Ni ukweli. Na mwaka mbegu ilikataa kumea kwa shamba letu wenyewe kule Tongaren, Mayi alienda kuuliza ni kwa nini. Yeye, aliyeivuta na mikono yake. Unajua alijibiwa nini? Nunua nyingine. Mimi nimekataa hiyo maisha ya kuambiwa nunua nyingine. Angalau kwa kitu yenye naweza kukataa."

Kipketer akashusha pumzi. Wakakubaliana hivi: Jumamosi wote wanaenda Bungoma. Roselyne anakuja na kernel yake, mpya kabisa, na awashawishi watu wa chuo watumie waya. Akiwashawishi, sawa. Akishindwa, Kipketer anaweka bonge ndani ya Suam, na Suam inaendelea hivyo.

"Sawa," Roselyne akasema. "Lakini ujue nakuja."

"Najua unakuja, Rose. Nani hajui."

Sasa hapa ndipo hasira iliingia kwa kazi, na hasira haijui kusoma kernel. Toleo jipya lilikuwa limetoka, na Roselyne akaamua safari hii hakuna bonge hata kamoja katapita, hata kale kamejificha nyuma ya mlango. Akainoa ile skripti. Zamani ilikuwa ikipata nambari nyingi inasimama, inamuuliza, hii ni nini? Akaiambia iache kuuliza. Ukiona nambari zimejipanga safu ndefu, kata. Kata tu. Akaiachilia, ikakata, na alipopitia kwa macho alipitia haraka, akisema ndio, ndio, hata wewe toka, ndio. Akapika siku stima ilikuwepo. Akajaribu kwa ile kompyuta yake kuukuu ya dukani. Ikaamka safi. Akajipigia makofi.

Jumamosi, Bungoma. Maabara ilikuwa imepakwa rangi mpya mpaka pua zinawasha. Mashine zimepangwa mistari, skrini nyembamba zile za kisasa, na wanafunzi wamejaa wakisukumana. Principal Barasa alikuwa wa Sirisia kabisa, na kwake l na r ni ndugu wa tumbo moja, wanaazimana nguo.

"Kalibuni, kalibuni sana! Madam Roserini, tumesikia habari yako mpaka huku!"

"Nzuri ama mbaya?"

"Nyingi," Barasa akasema, na watu wakacheka.

Pembeni alikuwa amesimama Chepkemei, mwalimu wa kompyuta wa hicho chuo, mwanamke mdogo wa mwili, mikono nyuma. Kagwe naye alikuwa amekuja, simu mbili kwa mkono, anapiga picha.

Roselyne akatoa hotuba. Aki, alitoa hotuba! Akawaeleza bonge ni nini, na kwa nini mtu anayejifunza ufundi hawezi kujifunza na kitu yenye imefungwa, na ati waya ni waya tu, haijaua mtu. Wanafunzi wakaanza kutikisa kichwa. Hata Barasa akaanza kutikisa. Kipketer akakunja mikono kwa sweta.

"Sasa muone," Roselyne akasema, akaweka CD.

Mashine ikanguruma. Skrini ikawa nyeusi. Wakangoja.

Ikabaki nyeusi.

Wakangoja tena, ile kungoja mtu anaanza kusikia kuku ya nje. Roselyne akatoa CD, akaipangusa kwa sketi, akarudisha. Nyeusi. Akajaribu mashine ya pili. Nyeusi kama sufuria ya matanga.

"Imelara," Barasa akasema polepole.

"Imekufa," kijana mmoja wa nyuma akasahihisha.

"Niaje, Rose," Kagwe akanong'ona, "hii ni safi mpaka hakuna kitu imebaki?"

Kicheko kikaanza nyuma, kikaja mbele. Uso wa Roselyne ulikuwa moto mpaka masikio. Mtu mwingine angetafuta mlango. Yeye akafinya kitufe cha herufi kubwa kwa kibodi. Kale kataa kadogo ka kijani kakawaka. Akafinya tena, kakazima. Akafinya, kakawaka.

"Nyamazeni," akasema. "Haijakufa. Kernel ndiyo inawasha hii taa. Iko macho."

Akasimama wima, akaangalia ukuta, akaandika bila kuona kitu, vidole tu, amri ya kuiambia mashine izime halafu ijiwashe. Akafinya Enter. Mashine ikalia, ikazima, ikaanza kunguruma upya. Wanafunzi wakasema ooooh.

Na hapo ndipo ilimwangukia kichwani. Iko macho, inasikia, inatii. Imekosa tu herufi. Akafungua laptopu yake, akafungua ile orodha ya vitu skripti ilikata, akashuka, akashuka, akafika. Ndani ya kernel kuna jedwali refu la nambari, na kila kikundi cha nambari kinachora herufi moja kwa skrini, nukta kwa nukta. Si bonge hata kidogo. Mtu aliandika na mkono, kila mtu anaweza kusoma. Lakini ni nambari, zimejipanga safu ndefu, na skripti ilikuwa imeambiwa kata tu. Ile kompyuta yake kuukuu ya Kibomet, kadi ya skrini yake ina herufi zake za kuzaliwa nazo, haiombi za kernel. Hizi mpya za Bungoma zinaomba. Na yeye alikuwa amezikata. A mpaka Z.

"Nimekata herufi," akasema kwa sauti. "Mimi. Nilikuwa na hasira na huyu mtu wa sweta nikakata alfabeti yote."

Maabara ikapasuka. Kagwe alikaa chini kabisa, simu zote mbili chini. Hata Roselyne mwenyewe akacheka, kidogo, upande mmoja wa mdomo.

Kipketer hakucheka sana, hiyo tumpee. Akasema tu, "Pole, Rose. Wacha nijaribu yangu," akaweka CD yake. Na ikaamka! Herufi nyeupe zikashuka kwa skrini, halafu dirisha likafunguka, halafu ile alama ya WiFi ikajaa. Wanafunzi wakapiga makofi. Barasa akampa Kipketer mkono na kumtikisa mpaka sweta ikavutika.

Ingekuwa imeisha hapo. Lakini Roselyne alikuwa na macho, na herufi zikiwa zinashuka alikuwa amesoma laini moja ya maandishi.

"Zima," akasema. "Washa tena."

"Rose, imeshafanya kazi, tuache—"

"Washa, Mwalimu."

Akawasha. Herufi zikashuka, na Roselyne akaweka kidole kwa skrini kabla laini ikimbie. Wote wakasoma: Kernel hii imechambuliwa na R. Nakhungu. Haina bonge.

Kipketer alikuwa amechukua kernel ya zamani ya Roselyne, ile ilikuwa na herufi, akarudisha bonge la WiFi ndani, na ile laini yake akaiacha hapo hapo.

"Hiyo ni nini?" Roselyne akauliza.

"Ni ile laini yako tu. Watu wa Suam wameizoea. Wakiiona wanajua ni ya kuaminika."

"Na ni ya ukweli?"

Kipketer akavuta mikono ya sweta mpaka vidoleni.

"Mwalimu, sikia vizuri, na nyinyi wanafunzi sikieni, kwa sababu hii ndiyo somo na hiyo ingine ilikuwa hotuba. Kernel yangu unaweza kuichukua. Sikukupa ruhusa na huhitaji ruhusa, hiyo ndiyo maana ya huru. Ichukue, iwekee bonge, iwekee na mabonge kumi, iwekee na debe la mahindi. Siwezi kukuzuia na sitaki kukuzuia. Lakini hutasema na mdomo wangu kitu mimi sijasema. Toa hiyo laini."

"Rose, nitatoa tukifika nyumbani."

"Unatoa hapa."

"Kuipika upya ni masaa, bana!"

"Si stima iko? Bungoma leo haina mgao. Pika."

Barasa akajaribu kuingia katikati, mikono juu. "Madam, tafadhari, si vita. Kosa kidogo. Hata wewe umetuletea mashine haina helufi."

"Ndio, Principal, nimekosa, na nimesema nimekosa mbele ya watoto wako. Kosa langu liko wazi, mtu anaweza kulisoma na kulirekebisha. Anayetaka aje nimuonyeshe sasa hivi. Na bonge lake nani atalirekebisha hapa? Wewe? Yeye? Akiulizwa linafanya nini, atawaambia nini?" Akavuta kiti, akaketi mbele ya mashine ya Kipketer, akaweka kibeti kwa mapaja, kama mtu yuko kwa foleni ya hospitali na amekula kabisa. "Mimi sitoki hapa mpaka jina langu litoke hapo."

Unajua ni Roselyne. Walijua ni ukweli.

Kipketer akaketi, akaanza kufanya kazi. Maabara ikapungua, wengine wakaenda chakula, Kagwe akaenda kutafuta soda. Mashine ikapika. Na ikiwa inapika, Chepkemei, yule mwalimu wa mikono nyuma, akavuta kiti akakaa karibu na Roselyne.

"Hizo herufi ulikata," akasema. "Ziko aje?"

Roselyne akamwangalia kwanza kama ni mchezo. Haikuwa mchezo. Akafungua lile jedwali, akachukua chaki, akaenda kwa ubao. Akaandika nambari, chini ya kila nambari akaweka nukta pale iko moja na nafasi pale iko sufuri. Mstari baada ya mstari, ikaanza kutokea kwa ubao: miguu miwili, daraja katikati, kichwa chenye ncha. A. Wanafunzi waliokuwa wamebaki wakasogea. Mmoja akaomba chaki, akabadilisha nukta, A ikaota pembe. Wakacheka, wakafuta, mwingine akajaribu ya kwake.

Roselyne akairudisha alfabeti ndani ya kernel hapo hapo, akairudishia skripti adabu yake ya kuuliza kabla ya kukata, na akaipika kwa mashine ya pili, sambamba na ya Kipketer. Meza moja, mashine mbili, hawaongeleshani. Zote zikaiva. Kwa ya Kipketer laini ya R. Nakhungu haikuwepo. Kwa ya Roselyne ilikuwepo, na herufi zake zote.

Barasa alichagua WiFi. Wacha nisikudanganye, alichagua WiFi, na wanafunzi wengi pia, na Suam kutoka siku hiyo ikawa na bonge. Lakini Chepkemei alisimama, mikono nyuma vile vile, akasema, "Principal, mstari wa dirishani naomba uwe wa waya. Wa madam Roselyne. Wale wanataka kujua ndani watakaa hapo."

Barasa akamwangalia, akaangalia Roselyne kwa kiti na kibeti chake, akaona heri yaishe. "Haya. Mstari wa dirishani. Lakini waya mtavuta wenyewe."

Wakavuta wenyewe. Roselyne alitambaa chini ya meza, goti kwa rangi mbichi, sketi ikaharibika, na hakuacha mpaka mashine ya mwisho ya dirishani ikaingia mtandao na jina lake juu.

Kwa Suam alitoka. Hakufukuzwa, alitoka, akaandikia wote: kernel ya Suam sasa itafutiwe mtu mwingine, mimi natunza yangu, haina bonge, anayetaka achukue. Wengi hawakuchukua. Watu walikuja dukani na laptopu, akawaambia mapema, kadi yako hii kwa mfumo wangu haitaamka, na wakaenda kwingine wakinung'unika, ati huyu mama anajifanya. Mayi wake mwenyewe alimuuliza, "Mukhana wange, binti yangu, sasa unapika chakula ya nani?" Akajibu, "Ya wenye njaa, Mayi. Wale wameshiba waendelee."

Halafu toleo lingine likatoka ng'ambo. Na simu ikalia.

"Rose," Kipketer akasema, polepole kama kawaida yake. "Hii mpya imekataa. Lile bonge halisikizani na hii kernel mpya, na kampuni haijatoa lingine. Nimeangalia ndani nione shida ni gani."

"Na ukaona?"

"Niliona nambari."

Roselyne hakucheka. Alitamani, lakini hakucheka.

"Wamesema nini, hao wa kampuni?"

"Wamesema tununue kadi mpya."

"Pole, Mwalimu. Na nasema pole ya ukweli."

"Si ungerudi? Utushikie kernel tu, na hilo jambo la bonge tutaongea pole pole."

"Kernel yangu iko kwa mtandao pale pale, na skripti iko, na jedwali la herufi liko. Chukua yote leo. Siku mtatoa hilo bonge nipigie, nitakuja hata na miguu. Lakini sirudi kuongea pole pole." Akaangalia juu, balbu ilikuwa inawaka, na kwa Kibomet hakuna mtu anaamini balbu kwa muda mrefu. "Sasa niache, stima iko."

Akakata simu, akafukuza paka nyuma ya kompyuta, akaachilia skripti kwa toleo jipya. Ikakimbia kidogo, ikasimama kwa safu ya kwanza ya nambari, ikamuuliza hii ni nini. Roselyne akavuta kiti karibu, akaanza kusoma.